Siti ya Bodaboda Haipimwi kwa Kidole

Msikilizaji, nenda kwa fundi yeyote wa siti za pikipiki, awe chini ya mwembe Morogoro au kwenye kibanda cha mabati Buguruni, utakuta wateja wake wana kipimo kimoja. Dereva anaipokea siti iliyokwisha shonwa, anaibonyeza kwa kidole gumba, kidole kinazama, anatabasamu, analipa. Kipimo hicho ndicho ninachotaka kukipinga jioni hii. Kidole gumba kinakaa pale sekunde moja kisha kinaondoka. Dereva wa bodaboda ana kilo 60, 70 au 80, na anakaa pale tangu adhana ya alfajiri mpaka wauza chipsi wafunge. Kinachokifurahisha kidole ndicho kinachouchosha mwili. Pikipiki nyingi za mijini kwetu hupelekwa kwa fundi ziongezewe ulaini na mapambo, wakati siti zake zilihitaji umbo jema na sponji inayobeba. Na kwa kuwa urembo ndio unaoonekana, urembo hupangwa kwanza, mwili ukafuata baadaye kama ukikumbukwa.

Tuitazame kazi yenyewe kwa karibu. Fundi anafungua nati, anaigeuza siti juu chini, na kwa bisibisi anang'oa pini moja moja zilizoishika leza kwenye plastiki ya chini. Leza ikishavuliwa inabaki sponji ya kiwandani. Hiyo ni kipande kimoja kilichomiminwa kwenye kalibu, chenye utando mwembamba juu yake, na kimebonyea mahali pawili anapokalia dereva. Pale palipobonyea pana habari nyingi. Panaonyesha dereva hukaa mbele au nyuma, huegemea upande gani, na kama huteleza kuelekea tangi. Fundi mwenye haraka hapasomi. Anachukua kipande cha godoro chenye unene wa inchi mbili, anakipaka gundi, anakibandika juu, anachonga kingo kwa kisu, anavuta leza mpya aliyoianika juani ilainike, anapiga pini. Siti imepanda, imevimba, inang'aa, na kidole kinazama vizuri sana.

Wengi huamini kuwa siti ipo ili kuzuia mashimo. Mashimo ni kazi ya tairi na shokapu, kwa sababu shimo la kina cha kiganja haliwezi kumalizwa na sponji ya inchi tatu hata iwe ya namna gani. Mtetemo wa injini nao si tatizo kubwa kama unavyosikika. Injini ya silinda moja ikizunguka mara 6,000 kwa dakika inatetema mara 100 kwa sekunde, na mtetemo wa kasi hiyo humezwa hata na sponji nyembamba iliyo ngumu kiasi. Balaa liko kwenye mtikisiko wa polepole. Pikipiki inayokwenda kilomita 15 kwa saa kwenye barabara ya moramu inapita mita nne na kitu kila sekunde, hivyo pakiwa na kituta kila baada ya mita moja, mwili unarushwa mara nne kwa sekunde. Na mwili wa mtu aliyekaa una tabia yake. Ukitikiswa wima kati ya mara nne na nane kwa sekunde ndipo uti wa mgongo na matumbo husumbuka zaidi, kama bembea inayosukumwa kila inaporudi. Hilo limezingatiwa katika vipimo vya kimataifa vya mtikisiko wa mwili, vile viitwavyo ISO 2631. Umoja wa Ulaya nao, katika agizo lake la mwaka 2002, uliuhesabu mtikisiko kuwa hatari ya kazini na kuuwekea kikomo kwa siku ya kazi ya saa nane. Siku ya bodaboda, kama tujuavyo, haina habari na saa nane.

Sasa sikiliza sponji laini na nene inavyofanya katika kasi hiyo ya mara nne. Badala ya kuumeza mtikisiko, inaukuza. Mwili unazama, unarudishwa juu, na kabla haujatulia kituta kingine kimefika. Wapimaji wa viti vya magari wamelijua jambo hili kwa miaka mingi. Kiti cha sponji hupunguza mitetemo ya kasi, lakini ikifika karibu na mara nne kwa sekunde, aliyekikalia hutikiswa kuliko sakafu ya gari yenyewe. Dereva aliyeongeza inchi mbili za godoro amejiongezea bembea. Anapotoka dukani kwa fundi na kupita kwenye lami safi haoni lolote. Ataliona siku anapompeleka abiria bonde kwa bonde kule lami inakoishia.

Tuache mtikisiko, tuje kwenye uzito, kwa maana siti ina kazi moja kubwa isiyoweza kufanywa na kifaa kingine chochote cha pikipiki, nayo ni kuugawa uzito wa mtu. Chini ya kila mmoja wetu kuna mifupa miwili ya makalio, ile unayoihisi ukikaa kwenye ngazi ya saruji. Siti nzuri huipokea mifupa hiyo na kuyaita mapaja yasaidie kubeba. Sponji laini haiwezi, maana mifupa inaipasua njia mpaka inagota kwenye plastiki, na nyama ya pembeni inaelea bila kubeba kitu. Hapo ndipo dereva anapolalamika kwamba siti mpya imekuwa ngumu ndani ya wiki tatu. Haikuwa ngumu, imelala. Godoro la bei ya chini hutengenezwa kwa sponji nyepesi, ya kilo 16 au 18 hivi kwa mita ya ujazo, kwa sababu mtu akilala uzito wake husambaa tangu kisigino mpaka kisogo. Sponji ya viti vya magari huwa nzito mara mbili au tatu ya hiyo. Kukibandika kipande cha godoro kwenye siti ni kukipa kazi ambayo hakikuumbiwa.

Mtu ataniuliza: je, unataka tukalie ubao? Hapana. Siti inayobeba humwacha mtu azame kiasi cha vidole viwili, labda vitatu, kisha inasimama na kumshika pale pale. Tofauti kati yake na laini haijulikani dakika ya kwanza, inajulikana saa ya pili. Marekani kuna chama cha waendesha pikipiki wa masafa, Iron Butt Association, kinachomtambua mtu aliyeendesha maili 1,000, yaani kilomita 1,600 na ushei, ndani ya saa 24. Katika jamii ya watu wa aina hiyo, viti vinavyosifiwa ni vipana na vikakamavu, na kampuni ya Corbin ya California imejijengea jina kwa sponji ngumu ambayo mnunuzi mgeni huilalamikia kwanza. Sisemi dereva wa Mbagala aagize kiti California. Ninachosema ni kwamba watu ambao kazi yao kubwa ni kukaa wameufikia uamuzi ulio kinyume kabisa na wa kidole gumba.

Kuna jambo jingine ambalo mafundi wetu hulisahau, nalo ni nafasi ya kusogea. Muuguzi wodini humgeuza mgonjwa asiyejiweza kila baada ya saa mbili hivi, kwa sababu nyama inayogandamizwa mahali pamoja hukosa damu na mwishowe huchanika. Dereva si mgonjwa, lakini nyama ni ile ile. Anahitaji kusogea mbele kidogo, nyuma kidogo, kuegemea upande huu kisha huu. Mtindo unaopendwa siku hizi wa kuchimba siti ya dereva kama bakuli na kuinyanyua nundu kubwa nyuma yake unapendeza kwa macho, unaipa pikipiki sura ya mashindano, lakini unamfunga mtu mahali pamoja kutwa nzima. Pikipiki ya mashindano hukaliwa kwa dakika 40, na mwendeshaji wake muda mwingi amenyanyuka. Ya kijiweni hukaliwa hata isipotembea, maana hapo ndipo dereva anaposubiria abiria, anapolia chapati na anaposinzia.

Halafu kuna abiria, ambaye kwa haki angepaswa kuwa wa kwanza. Kila mpanda basi anajua kwamba aliyekaa katikati husalimika na aliyekaa siti ya nyuma kabisa hugonga dari. Dereva wa pikipiki amekaa katikati ya magurudumu mawili, na abiria wake amekaa karibu juu ya gurudumu la nyuma. Kila rasta na kila tuta abiria ndiye anayelipokea zaidi, tena bila usukani wa kushikilia na bila kujua tuta linakuja. Hata hivyo, ukitazama siti zilizotengenezwa upya utaona unene mwingi umewekwa mbele na nyuma pamebaki pembamba, mara nyingine pamepandishwa mteremko, kiasi kwamba breki ikishikwa abiria anamporomokea dereva mgongoni. Kwa abiria mwanamke na dereva asiyemjua, huo si usumbufu mdogo, na wapo wanaoamua kutembea kwa miguu kwa sababu hiyo peke yake. Ni ajabu, kwa kuwa biashara yenyewe ilianza na mto wa abiria. Miaka ya 1960, mpakani Busia, baiskeli zilizovusha watu kati ya Kenya na Uganda ziliwekewa mto kwenye keria, na kutokana na safari hizo za mpaka hadi mpaka ndipo tulipopata neno bodaboda. Mwendesha baiskeli alikalia tandiko la kawaida. Starehe yote aliwekewa aliyelipa nauli.

Wapo watakaosema kwamba urembo ndio biashara. Abiria akifika kijiweni penye pikipiki sita, macho yake huenda kwenye ile yenye siti safi, yenye rangi mbili na mshono mwekundu. Nakubali, tena nakubali kwa moyo wote. Siti iliyochanika na sponji ya manjano ikachungulia humfanya abiria awaze breki ziko katika hali gani, na ana haki ya kuwaza hivyo. Dereva anayeipamba pikipiki yake anaitunza, na anayeitunza huwa makini barabarani kuliko asiyejali. Lakini urembo wa siti uko kwenye leza, rangi na mshono, hauko kwenye uvimbe. Siti tambarare yenye sponji ya kubeba inaweza kushonwa ikapendeza kama sofa la bwana harusi. Tatizo ni mahali pa mshono. Mtindo wa kushona vimraba katikati ya siti huweka vifundo vya uzi pale pale panapotua mifupa ya makalio. Zaidi ya hayo, kila tundu la sindano ni mlango wa maji. Masika yakianza, sponji ya godoro iliyo chini ya leza hiyo hunywa mvua ya usiku na kumrudishia abiria asubuhi, akiwa na sare ya kazi, na akifika ofisini anakaa kwa ubavu. Ndiyo maana madereva hufunika siti kwa mfuko wa nailoni na kuuvua anapokuja mteja, na huo urembo uliolipiwa hauonekani tena. Fundi mjuzi hupeleka mishono pembeni, kwenye kingo, na katikati huacha leza nzima, ya rangi isiyokolea sana ikiwezekana, maana leza nyeusi iliyoanikwa juani saa saba mchana haikaliki.

Wengine watasema kiwanda kina wahandisi, wanajua walichofanya, siti isiguswe kabisa. Hoja hii ina uzito kuliko wengi wanavyodhani, na kwa siti ambayo haijalala ningemshauri dereva ahifadhi fedha yake. Ila kiwanda kilichoko India au China hakimjui dereva huyu. Kilitengeneza kwa ajili ya mwili wa wastani, na kwa mnunuzi atakayeikalia pikipiki dukani dakika mbili huku akiuliza bei. Mtu mrefu hukunja magoti mpaka yanagusa tangi, na mfupi husimama kwa ncha za vidole. Huyu mfupi ndiye anayeumizwa zaidi na mtindo wa kuongeza sponji, kwa sababu siti ikipanda inchi mbili naye anakosa ardhi. Pikipiki yenye abiria na gunia la mchele, imesimama kwenye mchanga, dereva akiwa amegusa chini kwa kidole kimoja cha mguu, haihitaji kusukumwa na mtu ili ianguke. Mtu wa kimo hicho anahitaji fundi apunguze mbele, anyooshe mteremko na kukwangua kingo za ndani ya mapaja. Hapo kisu na msasa vinatosha, wala hakuna sponji ya kununua.

Na fedha? Sponji nzito ni ghali kuliko kipande cha godoro kuukuu, hilo halina ubishi. Lakini kuna sponji ya vipande vilivyosagwa na kugandishwa pamoja, ile yenye madoa ya rangi nyingi, nzito na ngumu, ambayo inafaa sana kuwekwa chini, kisha juu yake ikawekwa tabaka jembamba lenye ulaini kidogo. Siti ya namna hiyo hailali upesi. Ile ya godoro humrudisha dereva kwa fundi kabla mwaka haujakwisha, na pini zinazong'olewa na kupigwa tena mara kwa mara huitoboatoboa plastiki ya chini mpaka haishiki kitu. Kabla hata ya kufika kwa fundi, kuna marekebisho ya bure. Shokapu za nyuma za pikipiki nyingi zina hatua za kukaza na kulegeza, nazo hukaa miaka na miaka kama zilivyotoka dukani, mbebaji wa abiria mmoja mwembamba na mbebaji wa kreti za soda wakitumia hatua ile ile. Mara nyingi siti hulaumiwa kwa kosa la shokapu.

Pingamizi gumu kuliko yote linatoka kwa dereva wa mkataba. Pikipiki si yake, ni ya bosi, na kila siku anapeleka hesabu. Kwa nini aweke fedha yake kwenye siti ya mtu? Hapo sina jibu la kumfurahisha. Naweza kusema tu kwamba mkataba ukiisha pikipiki itakuwa yake ikiwa imechoka, na mgongo utakuwa wake ukiwa umechoka vilevile, wakati siti ya kubeba ni gharama ambayo bosi mwenye akili angeihesabu pamoja na oili na tairi. Dereva anayeshuka kila nusu saa kujinyoosha analeta hesabu pungufu. Anayezungumza na bosi wake kwa lugha ya hesabu ana nafasi ya kusikilizwa kuliko anayezungumza naye kwa lugha ya maumivu. Ni jambo la kusikitisha, lakini ndivyo biashara ilivyo.

Lipo pia lawama la jumla, kwamba migongo inaumizwa na barabara na siti inasingiziwa. Barabara zina kosa lao, na wahusika wanajijua. Ila dereva hana mamlaka juu ya barabara, na juu ya siti anayo. Hata barabara zote zingewekwa lami kesho, mtu aliyekaa saa 12 juu ya mifupa miwili angeumia tu, pengine bila kutikiswa hata mara moja. Waulize mafundi cherehani na makarani wa stoo, ambao viti vyao haviendi popote.

Kwa hiyo, dereva unayenisikiliza ukiwa kijiweni, utakapopeleka siti yako kwa fundi mwombe jambo moja kabla ya mengine. Mwambie asipige pini. Aiweke sponji tupu, bila leza, juu ya pikipiki, nawe uikalie robo saa nzima kwa saa, miguu ikiwa juu ya vikanyagio. Kisha umpakie mtu nyuma, uzunguke mtaa mmoja wenye tuta na mmoja wenye moramu, halafu umuulize yeye kwanza. Palipouma, fundi achonge. Paliponyanyuka, akwangue. Na wewe fundi, usimwone mteja huyo msumbufu; mpe kigoda akupishe ukichonga, na leza ya rangi anayoitaka aichague mwisho.